Umepima?

Wazee wetu wa visiwani waliyajua mafuta kwa majina na kwa kazi zake. Mafuta ya sifa, yatokayo katika ini la papa, yalipakwa mbao za jahazi ili zistahimili jua na chumvi. Shahamu iliyochanganywa na chokaa ilipakwa sehemu izamayo majini, wadudu wa baharini wasiitoboe. Mafuta ya nazi yalikuwa ya nywele, ya taa na ya chungu. Mimi, niliyezaliwa katika zama za injini, nilikuja kuyajua mafuta ya aina nyingine nikiwa mtu mzima mwenye watoto, alfajiri moja ya mwaka 2018, katikati ya kilima, baba yangu mgonjwa akiwa ameketi ubavuni mwangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule na mshairi wa barazani. Hakupata kuchapisha diwani, lakini vijana wa kwetu Pemba waliokuwa wakijifunza kutunga walimjia jioni na karatasi zao. Kabla hajasoma hata neno moja, aliwauliza swali lile lile: "Umepima?" Kijana akijibu kwamba amepima, baba alimtaka apime tena mbele yake, kwa vidole, mizani nane za ukwapi na nane za utao. Aghalabu palipatikana mstari uliopungua, au uliozidi, na mwenyewe hakuwa na habari. "Sikio likizoea kosa huliona sawa," alikuwa akisema. "Vidole havizoei."

Gari lenyewe ni pikapu, Hilux ya kabini mbili iliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, yenye gia za otomatiki. Tulilinunua kwa kuchangishana, mimi na kaka yangu. Lilibeba magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, vyombo vya arusi, na mara nyingine jeneza. Aliyetuuzia alituhakikishia kwamba mafuta ya gia za otomatiki hayaguswi, ni ya maisha. Maneno hayo yalinipendeza kwa kuwa yalinipunguzia kazi. Kila Ijumaa asubuhi nilipima oili ya injini, nikatazama maji na upepo wa magurudumu, nikajiona mtu mwangalifu. Kijiti cha pili, kilichojificha nyuma karibu na ukuta wa injini, sikukigusa kwa miaka minne.

Alama ilikuwapo. Chini ya mwembe tulipokuwa tukiliegesha, mchangani, palionekana matone mekundu. Mama aliniuliza ni nini. Nikamjibu kwamba ni mate ya tambuu ya wazee wanaopumzika pale mchana. Mama alinitazama, kwani wazee wale wawili wamekwisha kung'oka meno na tambuu wameiacha zamani, lakini hakuendelea kubishana nami.

Asubuhi ile tulikuwa tukitoka Chake Chake kwenda Mkoani, baba awahi boti ya Unguja alikokuwa amepangiwa matibabu. Wasiokijua kisiwa chetu hudhani visiwa vyote ni tambarare. Pemba ni ya vilima na mabonde, barabara hupanda na kushuka. Katika mpando mmoja injini ilinguruma ghafla kama iliyofunguliwa minyororo, ilhali gari lilipungua mwendo, likasimama, likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki. Nikakanyaga moto tena. Kelele ikazidi, gari halikwenda. Nilishuka nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Baba alikaa kimya, kikapu cha nguo zake mapajani, akiyatazama mapambazuko. Mpaka tulipopata gari la kumchukua, boti ilikuwa imekwisha kung'oa nanga.

Tulisubiri siku mbili. Baba akasafiri, akatibiwa, akarudi, akaishi miezi minane mingine. Daktari aliniambia kwamba siku mbili zile hazikubadilisha kitu. Nimelikubali neno lake kwa akili. Moyo una hesabu yake. Baba hakunilaumu hata mara moja. Jioni ya siku ile ile tuliyokwama, tukiwa tumerudi nyumbani, alinigeukia tu akaniuliza, "Umepima?" Nikauliza, nimepima nini? "Hilo gari. Mafuta yake." Nikamwambia, la, sikupima. Akanyamaza, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake nilimwendea fundi mmoja mzee. Nilipomweleza, hakulifungua gari. Alichomoa kile kijiti cha pili, akaniwekea mbele ya macho. Kilikuwa kikavu isipokuwa ncha, na penye ncha palikuwa na tone la rangi ya kahawa. "Nusa," akasema. Nikanusa: harufu ya kitu kilichoungua. "Mwanangu, gari hili limekuwa likikwambia siku nyingi."

Akanieleza kwa subira. Katika gia za mkono, klachi huibana na kuiachia nguvu ya injini kwa mguu wa dereva. Katika otomatiki kazi hiyo hufanywa na mafuta. Kuna chombo ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake ni kama mapanga mawili ya feni yaliyoelekezana. Moja huzungushwa na injini na kuyasukuma mafuta. Mafuta hulizungusha la pili, nalo hupeleka nguvu kwenye gia. Mafuta hayo hayo, yakisukumwa na pampu, huzibana sahani za klachi zilizo ndani, hulainisha, na huchukua joto kulipeleka kwenye rejeta. Yakipungua, pampu hunyonya hewa, na hewa hubonyea, haiwezi kubana kitu. Mlimani ni vibaya zaidi, kwa kuwa machache yaliyobaki hukimbilia nyuma na kuliacha chujio wazi. Yetu yalikuwa yakivuja kidogo kidogo kwenye mpira uendao rejeta. Hayo ndiyo yaliyokuwa "mate ya tambuu". Yametiwa rangi nyekundu makusudi, ili anayeona tone chini ya gari ajue kwamba si oili ya injini.

Mpira ulipobadilishwa, alinifundisha kupima. Oili ya injini hupimwa injini imezimwa na kutulia. Haya, katika gari kama letu, hupimwa kinyume chake. Gari litembee kwanza mpaka mafuta yashike moto wa kazi, nyuzi 70 mpaka 80 za Selsiasi, kisha lisimamishwe mahali palipo sawa, breki ya mkono ivutwe, injini iachwe ikinguruma polepole. Mguu ukiwa juu ya breki, mkono wa gia upitishwe katika kila nafasi, taratibu, na kurudishwa kwenye maegesho. Ndipo kijiti kichomolewe, kipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kitiwe mpaka mwisho, kichomolewe tena. Kinachosomwa ni cha mara ya pili. Kijiti kina alama za baridi chini na za moto juu, kwani mafuta hutanuka kwa joto. Anayepima baridi akasoma alama za moto atajidanganya na kuongeza yasiyotakiwa.

Nilimwuliza, kwa hofu yangu mpya, kama si bora kuzidisha kidogo ili kuwa na akiba. Alikataa katakata. Yakizidi, vyuma vinavyozunguka huyapiga yakatoa povu. Povu ni hewa, na gari litateleza vile vile kama lililopungukiwa. Nikamkumbuka baba na mstari wa mizani kumi na saba.

Rangi nayo husomwa. Mazima ni mekundu, yanapenya nuru kama kioo cha taa ya nyuma. Yakiwa ya kahawa na kunuka, sahani zimeungua. Yakiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, na gari lisitembezwe tena. Jina la mafuta yanayotakiwa lilikuwa limechongwa juu ya kijiti chenyewe: Dexron II. Miaka minne nilikuwa nikiulizana na watu jambo lililoandikwa chini ya boneti yangu.

Baadaye, nikisoma habari za mafuta haya, nilikuta jambo lililonirudisha baharini. Gia za otomatiki kamili zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Kwa miaka mingi, ili sahani zibane bila kutetema, mafuta yake yalitiwa mafuta ya nyangumi yule mwenye kichwa kikubwa, ndiye huyo huyo atoaye ambari. Mambo yakabadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilipopiga marufuku biashara ya mafuta hayo, na sheria ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini ikakaza; watengenezaji wakatafuta badala. Al-Masudi aliisifu ambari ya pwani ya Zanj katika karne ya 10, na wavuvi wa nyangumi wa Kimarekani walitia nanga Unguja katika karne ya 19. Nilipomsimulia baba, alicheka, jambo alilolifanya kwa nadra siku zile. "Basi hata hilo gari lina ujamaa na bahari," akasema.

Kuyabadilisha kulitaka moyo, kwa sababu mtaani husemwa kwamba ukiyabadilisha mafuta ya zamani umeliua gari. Fundi alinieleza chanzo cha maneno hayo: watu husubiri mpaka gari linateleza ndipo hubadilisha, likifa husingiziwa mafuta mapya. Hakuniahidi kitu. Tulifungua bolti ya chini mafuta yakiwa vuguvugu, tukayapokea katika beseni, tukayapima: lita mbili na nusu. Mengine hubaki ndani ya konveta. Tukalishusha sinia la chini. Ndani yake mna sumaku ndogo, zimeshika tope la kijivu laini kama wanja. Hilo ni la kawaida. Vipande vya chuma vingekuwa habari ya gia na beringi. Vya shaba, habari ya bushi. Hatukuona vipande. Chujio likaoshwa, gasketi mpya ikawekwa, bolti zikakazwa kwa mkono mwepesi, moja huku na moja upande wa pili. Tukarudisha lita mbili na nusu kwa faneli, kupitia bomba la kijiti, tukapima. Baada ya wiki tukarudia, na baada ya wiki nyingine tena. Ikiwa kila mara hutoka sehemu 4 za 10, baada ya mara tatu ya zamani hubaki kama sehemu 2 tu.

Yaliyotoka, lita saba na nusu, niliyafunga katika madumu. Maji tunayokunywa hutoka visimani, na kinachomwagwa mtaroni hakiendi mbali. Fundi huyakusanya katika pipa, wajenzi huyachukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Si dawa kamili, lakini ni nafuu kuliko mtaro.

Gari lilipanda. Mwezi mmoja baada ya baba kurudi, jioni, nililisimamisha mbele ya baraza likinguruma ili nipime. Akajikongoja mpaka penye boneti, akavaa miwani, akanyosha mkono nimpe kijiti. Alikiinamisha kwenye mwanga wa magharibi, akayatazama mafuta mekundu yalivyosimama kati ya alama mbili. "Sawa," akasema. Kisha akakipangusa kwa kanga ya mama iliyochakaa, akanirudishia. "Haya, pima tena."

Hadi leo gari linatembea. Kanga ile iko chini ya kiti cha dereva.