Kuajiri Ng'ambo ya Namanga

Mwaka 2012 kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi Nairobi, ya kuuza na kutengeneza pampu za maji, iliamua kufungua tawi Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa mishahara, kwa hiyo faili la Tanzania likaangukia mezani kwangu. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa hesabu fupi. Alichukua mishahara ya mafundi wa Nairobi, akaigeuza kuwa shilingi za Tanzania, akapunguza kidogo kwa madai kwamba maisha ya kule ni nafuu, kisha akatangaza kwamba bajeti imekwisha. Kwake yeye, gharama ya mtu ilikuwa mshahara wake, basi.

Kwa Kenya ya wakati huo hakuwa mbali na ukweli. Mwajiri alimchangia mfanyakazi shilingi 200 kwa mwezi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, awe analipwa 20,000 au 300,000, akaongeza shilingi 50 za tozo ya mafunzo. Bima ya afya, NHIF, ilitoka kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe. Fundi wa shilingi 100,000 alitugharimu 100,250, na hizo 250 hakuna aliyezikumbuka kwenye kikao chochote. Leo nikiwaona wazee waliostaafu miaka ile na akiba zao za NSSF, natambua kwamba unafuu ule haukuwa wa bure. Kuna aliyekuwa akiulipia, naye hakuwa mwajiri.

Dar tulipata ofisi na bohari Barabara ya Nyerere, ambayo madereva wengi bado waliiita Pugu Road. Dada tuliyemwajiri kushughulikia utumishi alitazama bajeti ya mkurugenzi, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hii ni ya mwezi mzima au ya nusu mwezi?" Kisha akanikalisha chini. NSSF ya Tanzania ilikuwa asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake ilibebwa na mwajiri. Juu yake kulikuwa na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo mwaka ule ilikuwa asilimia 6, yote ya mwajiri. Asilimia 16 kabla hujanunua hata spana. Kwa kila mafundi sita tuliowalipa, tulikuwa tukitoa karibu mshahara wa mtu wa saba.

Mkurugenzi alipopata taarifa hiyo alidhani tumeibiwa. Alinipigia simu jioni akiniuliza kama nimeangalia vizuri, na kama hakuna "njia nyingine". Njia ilikuwepo, na kampuni ndogo nyingi ziliijua: SDL ilimgusa mwajiri mwenye wafanyakazi wanne na kuendelea, hivyo kulikuwa na maduka na karakana ambazo hesabu ya watu wake haikuvuka watatu mwaka hadi mwaka. Sisi tulihitaji mafundi Mwanza na Mbeya pia, kwa hiyo ujanja huo haukutufaa.

Miaka iliyofuata nilijifunza kupenda tarehe mbili, tarehe 7 ya kupeleka kodi ya mishahara na SDL Tanzania, na tarehe 9 ya kodi ya mishahara Kenya. Nilikuwa pia nikipokea wageni. Kabla ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya Tanzania kuunganishwa mwaka 2018, mfanyakazi mpya alikuwa na hiari ya kuchagua mfuko, na maafisa wa mifuko hiyo walipishana mlangoni kwetu wakiwa na kalenda na fulana. Baada ya kuunganishwa, watumishi wa umma wakaenda PSSSF na sekta binafsi ikabaki NSSF. Kazi yangu ikapungua, ila fulana nazo zikakoma.

Asilimia zenyewe zilianza kushuka taratibu. SDL ilishushwa hadi asilimia 5 mwaka 2013, ikawa 4.5 mwaka 2016, ikapita kwenye 4, na mwaka 2023 ikafika 3.5. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2015, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kuchangisha asilimia 1 kwa sekta binafsi, nayo ikapunguzwa hadi 0.6 na kisha 0.5. Kiwango cha chini cha wafanyakazi kwa SDL kilipandishwa kutoka wanne hadi kumi mwaka 2021. Ukijumlisha yote, mzigo wa mwajiri uliokuwa asilimia 16 nilipoanza ulikuwa umefika 14 mwaka 2023.

Hata hivyo si asilimia hizo zilizotuumiza. Kilichotuumiza ni fundi mmoja.

Tulimwajiri Mwanza, tukamhamishia Dar kwa sababu alizijua pampu za visima virefu kuliko wote. Vipuri vikapotea bohari, maneno yakasemwa, na barua pepe ikatoka Nairobi kwamba kuanzia siku hiyo hana kazi. Hakuitwa kusikilizwa, hakupewa nafasi ya kujieleza mbele ya mwenzake wala kiongozi wa chama. Dada wa utumishi aliiona barua ile baada ya mhusika mwenyewe kuisoma. Alikuja na uso wa mtu aliyefiwa, akasema, "Hapa, kaka, tumekwisha."

Fundi alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 ambazo sheria inampa. Msuluhishi alitupa nafasi ya kumalizana mapema. Dada alimsihi mkurugenzi alipe miezi michache mambo yaishe. Mkurugenzi, ambaye Kenya alishawahi kupitia kesi za namna hiyo, aliona ni afadhali kusubiri uamuzi. Alichokizoea ni sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, ambapo fidia ya kufukuzwa isivyo haki haivuki mishahara ya miezi 12. Miezi 12 ndiyo dari, na mara nyingi mtu hupata pungufu ya hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 ilikuwa imeiandika kinyume, kwamba fidia isipungue miezi 12. Dari ya nchi moja ilikuwa sakafu ya nchi nyingine, na katikati yake walikuwepo watu wanaozungumza lugha moja, wanaosalimiana vizuri, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anajua anachokijua yeye.

Tulishindwa. Tukalipa miezi 12, notisi, na likizo ambayo hakuichukua. Kisha ukaja mstari ambao haukuwahi kuingia kwenye bajeti yoyote ya Nairobi. Ukimwachisha mtu kazi mahali tofauti na ulipomwajiri, unapaswa kumrudisha alikotoka, yeye na mizigo yake, au kumlipa nauli hiyo, na posho ya kujikimu yeye na familia yake kwa siku zote kuanzia alipoachishwa hadi siku anaposafirishwa. Nauli ya Mwanza haikuwa kitu. Posho ndiyo iliyokuwa ikikua kila siku tuliyochelewa kwa ukaidi. Mkurugenzi alisaini hundi ile bila kusema neno, na tangu siku hiyo barua yoyote ya kumwachisha mtu ilipitia kwa wakili wa Dar kwanza. Ada za wakili huyo kwa mwaka zilikuwa ndogo kuliko ile posho.

Upande wa vibali sina mengi ya kusema, kwa sababu tulijifunza haraka kuepuka kupeleka watu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010, na wenzangu wengi Nairobi walidhani tangu hapo Mkenya anapanda basi na kwenda kufanya kazi Arusha. Kibali kilibaki palepale. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 ikampa Kamishna wa Kazi kibali cha kazi na Uhamiaji ikabaki na cha ukaazi, na mwombaji akatakiwa kuonyesha jinsi mzawa atakavyorithishwa ujuzi huo. Tulipomtaka mtaalamu kutoka India, kibali cha kazi kilikuwa dola 1,000 na cha ukaazi dola 2,000, kabla ya nyumba na ada za shule za watoto. Kwa fedha hizo tungewafundisha vijana wawili wa Mbeya, na ndivyo tulivyofanya.

Wakati nikizoea Tanzania, Kenya ikaanza kugeuka. Februari 2023 sheria mpya ya NSSF, ile ya 2013 iliyokuwa imekwama mahakamani kwa miaka, ikaanza kutumika, na shilingi 200 zikawa 1,080. Ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Mahakama Kuu ikaibatilisha Novemba 2023, makato yakasimama Januari 2024, na Machi yakarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF ikatoa nafasi kwa mfuko mpya unaokata asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi. Mwaka 2025 fundi yuleyule wa shilingi 100,000 alitugharimu 105,870. Bado ni nafuu kuliko Dar ukitazama asilimia peke yake. Lakini mafundi walioona mishahara yao ikisinyaa walikuja kuomba nyongeza, na nyongeza hiyo haimo kwenye jedwali la serikali.

Baada ya korona tukaajiri mtunza mifumo anayeishi Kigali. Hatukusajili kampuni Rwanda. Tulipitia kampuni ya kati inayomwajiri kwa niaba yetu, inashughulikia makato yote, na inatutoza ada ya kila mwezi kwa dola. Ni raha, hadi shilingi ya Kenya ilipofika karibu 160 kwa dola Januari 2024 na ada ikapanda bila mtu yeyote kuongezwa mshahara. Mwaka mmoja baadaye Rwanda ikapandisha mchango wa pensheni kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa nusu, na mkataba wetu ulikuwa umesema wazi kwamba ongezeko lolote la kisheria ni letu.

Mkurugenzi tuliye naye sasa ni kijana, na anataka Kampala. Nimemwandikia kwamba NSSF ya Uganda ni asilimia 10 kwa mwajiri na 5 kwa mfanyakazi, na kwamba kabla ya kutangaza nafasi yoyote tumtafute wakili wa huko atusomee sura ya kuachisha kazi. Amejibu kuhusu NSSF. Kuhusu wakili, anauliza kama hatuwezi kusubiri hadi tumwajiri mtu kwanza.