Na stoo ikiwaka?

Samahani wasomaji kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa naandika programu ya kukokotoa vinyunyizio vya kuzimia moto vya jengo moja hapa Nairobi: ofisi juu, mapokezi na stoo kubwa ya duka chini. Nilidhani ni hesabu za darasa la nane.

Kanuni za NFPA 13 hazidai vinyunyizio vyote vifunguke pamoja. Unachukua eneo, tuseme mita za mraba 139, unalipa maji kulingana na hatari yake: ofisi milimita 4.1 kwa dakika, stoo 8.1. (Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, raha tupu.) Programu yangu ilitafuta eneo la mbali zaidi na pampu, yaani ofisi, ikatoa lita 570 kwa dakika.

Mhandisi, mzee mpole, akaitazama karatasi. "Kijana, na stoo ikiwaka?"

Nikapiga hesabu: lita 1,126, bila kuhesabu mipira ya wazimamoto. Na stoo iko karibu kabisa na pampu! Jasho likanitoka. Wangenunua pampu ndogo kwa ajili ya mstari wangu mmoja.

Sasa programu inapima kila aina ya hatari peke yake. Lakini mzee hakuishia hapo: kati ya stoo na mapokezi hakuna ukuta, kwa hiyo kiwango cha stoo lazima kivuke mpaka kwa mita 4.6. Hapo nimekwama. Programu yangu inajua vyumba tu, haijui ukuta ambao haupo. Mwenye wazo aniandikie.