Aliposhushwa Kikosi cha Pili

Huu ni mwaka wetu wa nne hapa Tseikuru, sisi watu wa Mombasa tulioletwa na riziki hadi kaskazini ya Kitui, mahali ambapo joto halina bahari ya kulituliza. Binti yetu, aliye kidato cha pili katika shule ya kutwa, ndiye aliyeuzoea mji upesi kuliko sote. Amejifunza Kikamba, na amejifunza mpira wa kikapu katika uwanja wa udongo wenye pete isiyo na wavu, ambako mbuzi hufukuzwa kwanza ndipo mchezo uanze. Ndoto yake ni kuchezea timu ya wanawake ya KPA, ya bandarini kwetu.

Muhula uliopita alirudi nyumbani kimya. Mwalimu alikuwa amemtoa kikosi cha kwanza na kumpeleka cha pili. Akavua viatu mlangoni, akaswali alasiri, kisha akasema mchezo haoni tena haja nao. Tukaghadhibika. Mmoja wetu alidhani ni kwa ajili ya mtandio wake, na usiku uleule akaandika barua ya kumhamisha shule. Mwingine akasema tusubiri kukuche. Bibi yake, tulipompigia simu, hakutusaidia: "Mtoto wa kike na mpira, wapi na wapi?"

Dhana ile ya mtandio haikuwa na msingi, ingawa haikuzuka tu. FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, lilikataza kufunika kichwa hadi mwaka 2017, na Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani aliyeng'ara katika michezo ya vyuo, alikosa kucheza kwa malipo Ulaya kwa sababu ya kanuni hiyo. Mlango huo sasa u wazi. Mwalimu naye alitueleza bila kigugumizi: katika kikosi cha kwanza binti yetu hukaa benchi, na aliye benchi hajifunzi.

Jibu lile lilitukumbusha Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, nasi tukajivuna kana kwamba ni mtoto wa mtaani kwetu. Lakini Memphis Grizzlies walikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake, basi akawa mtu wa kukaa. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo, na hadi siku ile hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Kwetu ilikuwa fedheha. Hatukuelewa kwamba mchezaji wa namna hiyo hakufukuzwa: mkataba na mshahara wake hubaki kwa klabu kubwa, naye huenda kutafuta dakika za kucheza. Ligi hiyo, iliyoanza mwaka 2001, leo huitwa G League.

Tusidanganyane, Thabeet hakuwa nyota tuliyemtarajia. Alizunguka timu nyingi, na mwaka 2020, umri umeshapita miaka 30, alionekana tena katika ligi ileile ndogo, huko Fort Wayne. Yuko pia Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Huyo alilelewa katika akademia ya NBA nchini Senegal, akachezea City Oilers ya Kampala katika ligi ya Afrika, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA. Tulimsimulia binti yetu habari za wote wawili. Ya Thabeet ndiyo iliyomgusa.

"Baba, alilia?"

Hatukuwa na jibu.

Alhamisi moja tukaenda kukitazama kikosi cha pili. Alicheza mchezo wote. Alikosa mitupo miwili ya adhabu, mtandio ukamlegea, akamwomba mwamuzi nafasi aufunge upya, naye akapewa. Walifungwa. Njiani hakunyamaza hadi tukafika mlangoni. Yote ni habari ya namna ya kumziba mpinzani mrefu.

Bibi yake bado hajaridhika. Barua nayo iko juu ya kabati. Hatujaipeleka, wala hatujaichana.