Ndoo ya Saa Tisa

Mwaka 1997 nalikuwa baharia katika meli ya shehena iliyopita baina ya Mombasa na bandari za Uarabuni. Meli yetu, kama meli nyingi za biashara, ilipima hali ya hewa baharini kwa hiari, bila ya ujira. Saa za kupima ni zile zile ulimwenguni kote. Kwa saa za pwani yetu ni saa tatu na saa tisa, mchana na usiku. Afisa wa zamu aliandika upepo, mawingu na kani ya hewa. Mimi, mdogo wa cheo, nalipewa ndoo.

Ilikuwa ndoo ya turubai yenye kamba ndefu. Huitupa majini, ukaivuta upesi, ukatia kipimajoto mahali pa kivuli. Ukikawia, upepo huukausha unyevu wa turubai, maji yaliyomo yakapoa. Nawe utaandika baridi ya ndoo yako, si joto la bahari.

Usiku mmoja wa Oktoba, karibu na ikweta, usingizi ulinishinda. Sikuitupa ndoo. Nalinakili kipimo cha jana yake, digrii 28. Afisa, mtu mzima wa Lamu, akaishika kamba.

“Kijana,” akasema, “kamba yako haikunywa maji.”

Hakunigombeza, na laiti angalinigombeza! Nikateka. Kipimajoto kikapita 29. Nikadhani kimeharibika, nikateka tena, kikasimama pale pale.

Miezi ile upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kupita desturi, na upande wa Sumatra ulikuwa baridi. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi. Mvuke ukigeuka mawingu, huachia joto ulilolichukua baharini, hewa ikazidi kupanda, na upepo ukaja kujaza nafasi. Upepo huo nao huyasukuma maji. Nani aliyemwanza mwenziwe, ni vigumu kusema. Kabla ya mwaka kwisha, mvua ilinyesha Kenya hata mito ikachukua madaraja, na shangazi yangu aliyekaa kando ya Tana akalala siku mbili juu ya mwembe.

Siku hizi satelaiti hupima joto la bahari, lakini nyingine haziwezi kuona penye mawingu, na zote huona uso wa maji tu. Kwa hiyo maboya na meli zingali na kazi.

Afisa yule hakukubali nifute kosa langu daftarini. Aliipiga 28 mstari mmoja mwembamba, akaandika kipimo kipya juu yake, ili zote mbili zisomeke.