Sasa Serikali Inanijua

Mimi ni Mmakonde wa Kwale, mchonga vinyago. Baba yangu aliletwa kutoka Msumbiji enzi za Mwingereza kukata mkonge, na mimi nikazaliwa hapahapa pwani. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sisi hatukuandikwa. Msumbiji haikutujua, Kenya haikututambua.

Kuishi bila kitambulisho ni kuishi kwa mgongo wa mwenzio. Laini ya simu niliiandikisha kwa jina la jirani, na pesa za vinyago zikipitia kwake. Ndoa yangu haikuwa na cheti. Watoto walipokaribia mtihani, wakadaiwa vyeti vya kuzaliwa ambavyo sikuwa na namna ya kuvipata. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ndiyo iendayo mpakani, na baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, ukaguzi ulizidi. Damu ilikuwa imemwagika; askari alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi sikuwa na jibu la kumpa, basi nikateremshwa kwenye matatu na kuwekwa ndani, nami ni fundi anayejulikana mtaa mzima.

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 iliruhusu watu wasio na utaifa, walioishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, waandikishwe. Ilitoa miaka 5. Miaka hiyo ikaisha sisi bado tunasubiri. Oktoba 2016 Wamakonde wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, kwa miguu, kumwona Rais. Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu, akaagiza tupewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2017 tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na Agosti ile nikapiga kura.

Leo laini ni yangu, akaunti ni yangu, wanangu wana vyeti. Kwenye kizuizi cha barabarani natoa kitambulisho, safari inaendelea. Kubwa zaidi, serikali ina picha yangu, alama za vidole vyangu na kijiji changu. Nikikosa, inajua pa kunipata. Zamani ilikuwa ikinikamata na kuniachia bila kujua mimi ni nani. Kati ya hali hizo mbili, ni ipi inayolinda mpaka?

Nawaambia haya wanaohofia kwamba kuwaandikisha watu kama sisi ni kuwafungulia wahalifu mlango. Mhalifu hapendi kuandikwa. Sisi tuliomba kuandikwa, tukahojiwa, wazee wakathibitisha nani ni mtoto wa nani.

Mwaka 2023 ndugu zetu Wapemba nao walitambuliwa. Bado wapo wenye asili ya Rwanda na Burundi, ambao wazazi wao waliletwa kwenye mashamba ya chai. Wahojiwe, wachunguzwe, waandikishwe. Wabunge wanaojadili usalama wa mipaka waanze na hao, maana wako ndani ya nchi tayari, na wanaomba kujulikana.