Baba Arambaza Maji Matamu

Kwa mtu aliyelelewa na bahari, jambo la kwanza linalomshangaza afikapo Mbita ni kwamba maji hayaendi popote. Tulifika adhuhuri, tukayaona yakigusa mawe meusi ya ufukweni. Tuliporudi baada ya swala ya alasiri, yalikuwa pale pale. Ziwa Viktoria halina kupwa wala kujaa kama tukujuavyo sisi. Baba alikaa juu ya jiwe, akayachota kwa kitanga cha mkono wa kushoto, akayaonja. "Matamu," alisema, akatabasamu. Ilikuwa muda mrefu tangu tumwone akitabasamu mbele ya maji.

Baba yetu alivua bahari ya Kilifi kwa zaidi ya miaka 40. Kazi aliyoipenda ilikuwa kurambaza: mashua yaenda kwa tanga, mshipi wafuata nyuma na chambo chake, na nguru akiuma, mikono mitupu ndiyo imletayo. Miaka miwili iliyopita kiharusi kiliupiga mkono wake wa kulia. Vidole vilirudi nusu, nguvu haikurudi. Tangu hapo alizoea kukaa barazani akiwa ameipa bahari mgongo. Dada yetu mkubwa, ambaye mumewe ni mwalimu Mbita, alipotualika likizo ya Desemba, sisi wanawe wanne tukaweka nia kwamba Baba atarambaza tena, huko ziwani, kwa ufito na rili.

Kosa letu la kwanza tulilifanya Mombasa kabla ya safari. Tulikuwa tumesikia kuwa mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, aweza kupita kilo 100. Muuzaji mmoja akatuonyesha ufito mnene kama mpini wa jembe, pamoja na rili nzito ya kuvulia samaki wakubwa wa bahari kuu, nasi tukalipa. Baba aliunyanyua, kisha akaulaza chini taratibu. "Huu wataka mikono miwili," alisema.

Siku ya pili Mama alifuatana nasi dukani. Mama ndiye amfungaye Baba kifungo cha kanzu kila asubuhi, na anajua kila kidole chake chaweza nini. Hakuuliza habari za samaki. Aliuliza: mkono wa kulia utafanya kazi gani, na wa kushoto utafanya ipi? Kutokana na swali hilo, mengine yote yakapangika.

Ufito tulioutwaa ulikuwa wa kiasi cha mita mbili. Kadiri ufito unavyorefuka, ndivyo samaki anavyopata wenzo mrefu wa kumchosha aliyeushika. Na katika kurambaza hapana haja ya kutupa chambo mbali, kwa kuwa boti ndiyo iendayo. Tulichagua wa nyuzi za glasi badala ya wa kaboni. Ni mzito kidogo, lakini hupinda polepole na husamehe mshituko wa samaki anayeuma ghafla.

Ama rili, ziko za namna mbili. Ya kwanza huning'inia chini ya ufito. Yafaa kwa kutupia chambo, lakini ukiizungusha huku samaki akivuta, mshipi husokoteka. Ya pili hukaa juu ya ufito na huzunguka yenyewe mfano wa bobini ya cherehani. Hiyo ndiyo ya kurambaza. Mama alitaka iwe na mambo matatu. Mpini wa kuzungushia uwe upande wa kushoto, nao ni adimu, tukazunguka maduka manne. Iwe na kijiti kiendacho na kurudi kuulaza mshipi sawasawa, maana pasipo hicho, kidole gumba cha mkono wa pili ndicho hufanya kazi hiyo. Na iwe na mlio, ili samaki akivuta sote tusikie.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Ng'ambo ya daraja, kisiwa cha Rusinga kilikuwa bado cheusi, na wavuvi wa omena walikuwa wakirejea, taa zao zimezimwa. Sote tulivaa maboya ya kifuani. Nahodha, kijana Mjaluo mwenye adabu, aliusimamisha ufito katika kishikio kilichofungwa ubavuni mwa boti. Akafunga chambo cha bandia chenye kidomo kinachokizamisha mita nne hivi, akakiachia mita 40 nyuma, na boti ikaenda mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Mara mbili tulirudisha mshipi ili kuondoa magugumaji.

Rili ikalia. Kaka yetu, kwa hofu ya kumkosa samaki, akaikaza breki mpaka mwisho. Mshipi ukakatika kwa kishindo, na boti nzima ikanyamaza.

"Hukumwachia aende," Baba alisema. Hakuwa na hasira.

Nahodha alifunga upya. Mbele ya chambo alitia kipande cha mshipi mnene zaidi, kwa kuwa vifuniko vya mashavu ya mbuta vina makali. Kisha akapima breki kwa mizani ya kuning'iniza. Mshipi wetu ulistahimili kilo 14; breki akaiacha ianze kuteleza kwenye kilo nne. "Hapa, Mzee, samaki atachoka mwenyewe," alisema.

Jua lilikuwa limepanda iliposikika tena. Safari hii hapana aliyeigusa. Samaki alikwenda, ufito ukiwa kishikioni, hata akapunguza. Ndipo Mama akamfunga Baba mkanda wenye kikombe cha kutilia kitako cha ufito, akamlazia kiganja cha kulia juu yake. Wa kushoto ukazungusha. Mbuta aliruka akitikisa kichwa, akazama, akavuta tena. Baba alikuwa akitokwa na jasho, na midomo yake ikitaja jina la Mola. Baada ya robo saa hivi, nahodha akampandisha samaki wa kilo saba.

Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo zimetoweka kwa sababu yake. Hatukuona haya kumla. Mama alikuwa amebeba nazi mbili kutoka nyumbani, na usiku ule Mbita ilinukia samaki wa kupaka.

Ufito sasa umesimama nyuma ya mlango wetu Kilifi. Juzi tuliukuta na chembe za chumvi kwenye rili. Mama alikuwa ameshateka maji matamu ya kuuoshea, na Baba alikuwa barazani akitazama upande wa bahari. Alhamdulillahi.