Ijumaa ya Hidaya

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, baada ya Swala ya Alfajiri, kamati yetu ya msikiti ilikaa barazani kujadili jambo moja tu: tutangaze au tusitangaze. Kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kimekwishakomaa baharini, mashariki mwa pwani yetu ya kusini, na vyombo viwili vya wavuvi wa mtaa wetu vilikuwa nje tangu Jumatano. Katika kimojawapo alikuwamo shemeji yetu, mume wa dada yetu mkubwa. Nasi, kwa nafasi ya ukatibu, ndio tunaoshika kipaza sauti.

Asiyejua yaliyotangulia atashangaa swali hilo lilikuwaje zito. Miaka mitatu kabla yake, katikati ya Ramadhani ya mwaka 2021, kulikuja habari za kimbunga Jobo kikielekea pwani ya Tanzania. Tulitangaza kwa sauti kubwa. Tuliwaomba kina mama wasije Tarawehe, tukakunja mikeka na kufunga madirisha ya upande wa bahari. Jobo kikafifia kabla ya kufika, nasi tukapata jua na upepo wa kawaida. Kwa muda mrefu baada ya hapo vijana wa gengeni walituita Katibu Jobo. Hata Kenneth, cha Aprili 2019, kilichowafanya watu wa Mtwara wahamishwe majumbani, mwishowe kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Wenzetu wa huko waliangamia, ilhali huku watu walirudi makwao wakisema wamesumbuliwa bure.

Ni kicheko kile cha Jobo kilichotusukuma tujifunze. Chuoni tulisoma fiqhi na nahau, hatukusoma mawingu. Lakini tuliona aibu kusimama mbele ya watu na karatasi ambayo sisi wenyewe hatuielewi. Tukaanza kufuatilia vimbunga kwa daftari na simu, vya bahari yetu na vya bahari za mbali.

Jambo la kwanza tulilolielewa ni kwamba kazi hii imegawanywa duniani kama mirathi. Miami huangalia Atlantiki, Tokyo Pasifiki ya kaskazini magharibi, New Delhi Ghuba ya Bengal na Bahari ya Uarabuni, na upande wetu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi uko chini ya kituo cha kisiwa cha Réunion. Jina hutolewa na Madagascar au Mauritius, kulingana na mahali dhoruba ilipo, pindi upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, kutoka katika orodha iliyochangiwa na nchi za ukanda huu. Ndiyo maana tukapata kimbunga chenye jina la mabinti zetu. Mzee mmoja alituuliza kwa uchungu ni nani aliyeita balaa kwa neno la uongofu, nasi hatukuwa na jibu zuri.

La pili lilitushangaza zaidi. Wamarekani hurusha ndege hadi ndani ya jicho la kimbunga na kupima upepo hukohuko. Kwetu hakuna utaratibu huo. Nguvu ya kimbunga cha bahari yetu hukadiriwa hasa kwa kutazama umbo la mawingu katika picha za setilaiti: yamejikunja kiasi gani, jicho limefunguka au la, vilele vya mawingu vina baridi gani. Njia hiyo ilibuniwa miaka ya 1970 na Mmarekani, Vernon Dvorak, na mpaka leo ndiyo tegemeo. Zaidi ya hayo, Réunion hupima wastani wa upepo wa dakika kumi, na Wamarekani wa dakika moja. Basi kimbunga kilekile husomeka kikali zaidi katika karatasi moja kuliko nyingine, na kila mmoja yuko sahihi kwa kipimo chake. Mwaka wa Jobo tulichanganya tarakimu za pande zote mbili katika tangazo moja. Hilo tunalikiri.

La tatu ni ile ramani yenye umbo la pembe, inayoanza nyembamba na kupanuka mbele. Sote tulidhani upana ule ni ukubwa wa kimbunga. Kumbe ni upana wa shaka: eneo ambamo kitovu kinaweza kupita, na kadiri siku zinavyokwenda mbele ndivyo shaka inavyotanuka. Aliyechora ramani ya Jobo hakutudanganya. Sisi ndio tuliosoma shaka kama ahadi.

Barazani, asubuhi ile, mzee mmoja wa kamati, nahodha mstaafu, alipinga. "Mwanangu katibu," alisema, "vimbunga ni vya Madagascar na Msumbiji. Huku tuko karibu mno na mstari wa ikweta." Hakukosea sana. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, takriban nyuzi 26 na nusu au zaidi, na huhitaji pia mzunguko wa dunia ukizungushe, nao ni hafifu karibu na ikweta. Ndani ya nyuzi tano za latitudo vimbunga ni nadra sana. Lakini Mafia iko karibu na nyuzi nane. Tukamkumbusha mzee wetu juu ya Lindi, Aprili 1952, na Unguja, Aprili 1872, kimbunga kilipoangusha minazi na mikarafuu na kuharibu merikebu za Sayyid Barghash. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba marehemu baba yake aliwahi kuisimulia ile ya Lindi.

Halafu ni yeye aliyetoka nje, akasimama uwanjani akiupa upepo mgongo. Ulikuwa kusi. Akanyoosha mkono wa kulia, kuelekea baharini. "Kitovu kiko kule," alisema. Tulitazama simu: kilikuwa kule. Katika nusu ya kusini ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa, hivyo mwenye kuupa mgongo kitovu huwa kuliani kwake. Mzee hakuwa na setilaiti.

Tulitangaza. Safari hii hatukusema kimbunga kinakuja kutupiga. Tulisema Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari, kitovu kinaweza kupita kwetu au kupita kando, na mvua na mawimbi vitatufikia hata kikipita kando; hakuna chombo kitoke, na nyumba za bondeni zihame kabla ya giza. Tuliyarudia maneno hayo baada ya Ijumaa na baada ya Alasiri. Pale gengeni walicheka kidogo, lakini tuliona wakifunga mabati.

Hidaya kilifika Mafia Jumamosi, nguvu zikiwa zimepungua, na kabla ya siku kwisha Mamlaka ikatangaza kuwa hakikuwa tishio tena. Mvua yake haikupungua vile. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, maji yakaingia katika zile nyumba za bondeni, na paa la madrasa yetu likaenda na upepo hadi shambani kwa watu.

Chombo kimoja kilirudi Ijumaa jioni. Cha shemeji hakikurudi. Usiku wa Jumamosi tulikesha na dada yetu. Hakutuuliza lolote kuhusu ramani, nasi hatukuifungua simu mbele yake. Jumatatu, baada ya Adhuhuri, shemeji aliingia uani akiwa na nguo za kuazima. Walijibanza nyuma ya kisiwa kidogo siku tatu.

Tulimuuliza kama walilisikia tangazo letu, maana tulikuwa tumelituma pia kwa ujumbe wa simu. Akasema simu zilikuwa zimeshaisha chaji. Nahodha wao aliona mawimbi marefu yakija kutoka mashariki bila upepo wa kuyaleta, akageuza tanga. Kisha akatuomba chai, na akauliza kama ni kweli kwamba paa la madrasa limeruka.